Sensa, Babu na Namba 61,741,120

 

Vijana wenzangu, leo naomba tufanye somo la hesabu. Najua wengine mlishaagana na hesabu siku ile mlipotoka kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne, na hamtaki kukutana nayo tena hata njiani. Msikimbie. Hesabu ya leo ni ya kugawanya tu, ile ya shule ya msingi, na mwisho wake ni swali la imani ambalo mimi mwenyewe lilinisumbua kwa miezi: mbele za Mungu, mtu mmoja ana uzito gani katikati ya mamilioni?

Kama una Biblia karibu, weka alama sehemu tatu: 2 Samweli 24:1-10, Luka 15:1-7 na Ufunuo 7:2-12. Tutazihitaji. Chukua na kalamu na karatasi.

1. Karani alipofika nyumbani

Kwetu ni Munisagara, wilaya ya Kilosa, kule ambako reli ya kati inafuata bonde la mto Mkondoa ikipanda kuelekea Kidete na Gulwe. Babu yangu alifanya kazi reli, kwenye gengi la matengenezo. Walikuwa wanatembea kipande chao cha njia kwa miguu, wanakagua mataruma, yale yanayolala chini na kubeba vyuma viwili vya reli. Babu alihesabu mataruma mpaka ikawa tabia. Hata alipostaafu, ukitembea naye kando ya njia unamsikia ananong'ona namba. Aliniambia nikiwa mdogo: "Abiria anaangalia reli. Mtu wa kazi anaangalia taruma." Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yalipoibomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, alikuwa mzee tayari, lakini alikwenda kusimama kwenye ukingo akatazama yale mataruma yaliyochukuliwa na maji kama mtu anayetazama watoto wake.

Agosti 2022 nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimemaliza masomo ya falsafa, nasubiri kuanza teolojia. Mnakumbuka mwezi ule nchi nzima ilikuwa inaimba wimbo mmoja: sensa, sensa, jiandae kuhesabiwa. Usiku wa sensa ulikuwa ule wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti. Babu alifariki Jumatatu tarehe 22, jioni, wakati kuku wanapanda kulala. Zilibaki saa chache tu kufika usiku wa manane.

Tulimlaza sebuleni. Ndugu na majirani wakaja, wakalala kwenye mikeka, wengine nje. Jumatano tukamzika. Alhamisi asubuhi akaja karani wa sensa, dada mmoja kijana, amevaa kizibao chake, ameshika kishikwambi. Alipoona turubai akasita, akavua viatu, akapiga magoti.

"Shikamoo bibi. Poleni sana na msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa. Karibu."

Akaeleza kwa upole kwamba ana maswali, na la kwanza ni kutaja watu wote waliolala katika nyumba hii usiku wa kuamkia Jumanne. Bibi akaanza kutaja. La kwanza kabisa alilotaja ni jina la babu.

Nikamgusa bega. Bibi akanitazama. "Sasa uongo uko wapi? Si alilala hapa? Wewe mwenyewe si ulikaa naye mpaka asubuhi?"

Hakuna aliyejibu. Yule dada alikiweka kishikwambi mapajani, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Bibi, swali linahusu waliokuwa hai usiku ule. Babu nitamwandika, lakini ni sehemu nyingine." Na kweli kuna sehemu ya vifo vilivyotokea katika kaya. Akaandika jinsi na umri. Kwenye orodha ya watu wa nyumba ile waliandikwa watu kumi na tisa, kwa sababu waliolala msibani walihesabiwa pale walipolala. Nyumba ya wazee wawili haikuwahi kuwa na watu wengi namna ile. Lakini bibi alipomsindikiza karani alisema neno moja tu: "Wote hao, na bado hawajatimia."

Ndugu zangu, nilikuwa na shahada ya falsafa. Nilikuwa nimeandika kurasa juu ya maana ya nafsi. Sikuwa na neno hata moja la kumwambia bibi yangu.

2. Tuifungue namba

Tarehe 31 Oktoba 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo. Nilikuwa nimesharudi seminarini, tunasikiliza pamoja. Watu 61,741,120. Tanzania Bara 59,851,347, Zanzibar 1,889,773. Wanawake 31,687,990, wanaume 30,053,130. Wenzangu wakashangilia, maana sensa ya 2012 ilitoa watu 44,928,923, kwa hiyo tulikuwa tumeongezeka sana. Mimi nikaandika namba ile nyuma ya karatasi ya nyimbo, nikaitazama. Babu hayumo humo.

Usiku ule sikuweza kulala mapema, nikaanza kuigawanya. Hebu tuifanye pamoja.

Kwanza tupate picha ya ukubwa wake. Ukihesabu mtu mmoja kila sekunde, bila kula, bila kulala, bila kwenda hata kusali, utatumia siku 714 na saa 14 na ushei. Ni karibu miaka miwili. Na hapo unahesabu tu "mmoja, mwingine, mwingine". Ukitaka kutaja jina la kila mtu, sekunde moja haitoshi.

Sasa tuigawe. Inaishia na sifuri, kwa hiyo ni namba shufwa, inagawanyika kwa mbili. Endelea kuikata nusu:

61,741,120 inakuwa 30,870,560
kisha 15,435,280
kisha 7,717,640
kisha 3,858,820
kisha 1,929,410
kisha 964,705.

Umekata mara sita, na umefika kwenye namba witiri, hukati tena nusu. Inaishia na tano, basi gawa kwa tano: 192,941. Jaribu tatu: jumlisha tarakimu zake, 1+9+2+9+4+1 ni 26, haigawanyiki kwa tatu. Jaribu saba: inakubali, unapata 27,563. Hapa ndipo pananyima watu usingizi. 11 inakataa. 13 inakataa. 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, zote zinakataa, kila moja inaacha baki. Ukifika 43 inakubali: 27,563 ni 43 mara 641.

Na 641? Jaribu kila namba tasa kuanzia 2 mpaka 23. Zote zinaacha baki. Huna haja ya kuendelea, kwa sababu 29 mara 29 ni 841, imeshapita. Kwa hiyo 641 ni namba tasa. Tumefika mwisho:

61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

Ukitaka kujua namba hii ina vigawo vingapi kwa jumla, yaani unaweza kuwapanga watu hawa katika makundi yanayolingana kwa njia ngapi bila kubaki mtu, jibu ni 112. Ni namba inayokubali kugawiwa. Unaweza kuwapanga saba saba, nane nane, kumi kumi, arobaini arobaini, na hakuna anayebaki nje.

Ile 641 ina historia yake. Mwanahisabati Mfaransa Fermat, karne ya 17, aliamini kwamba namba 4,294,967,297 ni tasa. Watu waliishi na dhana hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kwamba inagawanyika, na kigawo alichokipata ni 641. Namba ndogo vile, imejificha ndani ya namba ya mabilioni, na sasa tunaikuta imekaa ndani ya hesabu ya Watanzania. Sisemi ina maana ya siri (nitalirudia hilo), nasema tu nilitabasamu.

3. Neno "tasa"

Walimu wetu wa Kiswahili waliiita namba ya namna hii tasa, kwa sababu haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Haizai. Ni neno zito. Mnajua likitamkwa mtaani linavyochoma. Biblia inalijua pia: Sara, Hana, Elizabeti.

Mimi neno hilo niliwahi kuambiwa na babu. Nilipomweleza kwamba nataka upadre, alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaniita nje: "Mimi nina mjukuu mmoja wa kiume. Kwa hiyo wewe umeamua kuwa tasa kwa hiari yako?" Hakusema kwa hasira. Alikuwa anahesabu kama kawaida yake, na kwenye hesabu yake palionekana pengo.

Sikumjibu vizuri siku ile. Leo ningemwonyesha ile karatasi. Kuna kanuni ya msingi katika hisabati: kila namba nzima kubwa kuliko moja, kama si tasa yenyewe, imejengwa kwa namba tasa, na imejengwa kwa namna moja tu. Unaweza kuanza kugawa popote unapotaka, kwa saba kwanza au kwa 43 kwanza, mwisho utafika kwenye orodha ile ile. Namba tasa zinaitwa hazizai, lakini ndizo mawe ya msingi ya namba zote. Toa 641 kwenye ile namba ya watu milioni 61 na kitu, utabaki na 96,320 tu.

Kwa hiyo dada yangu uliye utawani, kaka uliye seminarini, na wewe uliyeolewa miaka mingi ukaitwa jina hilo na mawifi: usiogope neno. Swali si kama umezaa kwa mwili. Swali ni kama kuna kitu kimejengwa juu yako.

Babu alilisema kwa lugha yake. Baada ya wiki moja alikuja akaniambia, "Haya, nenda. Ila usije ukawa taruma la stoo." Taruma lililokaa stoo ni zima, halina ufa, lakini halijawahi kubeba treni.

4. Ongeza moja tu

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo. Usiku ule nilifanya kitu cha kitoto. Chini ya ile namba nikaandika nyingine: 61,741,121. Yaani wote wale, na babu.

Nilidhani hakuna kitakachobadilika. Mtu mmoja katika milioni 61 ni nini? Ni kama kuongeza punje moja kwenye gunia. Nikaanza kugawa.

Mbili: inakataa, sasa ni witiri. Tano: inakataa. Saba: inabaki moja. 43: inabaki moja. 641: inabaki moja. Vigawo tasa vyote vya namba ya kwanza vimekataa, hakuna hata kimoja kilichovuka. Halafu 13, ile iliyokataa mwanzo, sasa inakubali. 41, ile iliyokataa mwanzo, sasa inakubali. Matokeo:

61,741,121 = 13 × 41 × 115,837

Na 115,837 ni tasa. Zile njia 112 za kuwapanga watu zimebaki nane tu.

Hii si bahati ya namba hizi mbili. Ni sheria, na unaweza kuithibitisha mwenyewe sasa hivi. Kama namba fulani kubwa kuliko moja ingegawanya zote mbili bila baki, ingegawanya pia tofauti yao. Lakini tofauti yao ni moja, na moja haigawanyiki kwa namba yoyote kubwa kuliko yenyewe. Kwa hiyo namba mbili zinazofuatana hazishirikiani kigawo chochote isipokuwa moja. Ile KKS tuliyokariri shuleni, kigawo kikubwa cha shirika, kwa jirani hawa wawili ni 1 siku zote, hata namba ziwe kubwa kama mchanga wa pwani.

Kwa hiyo ukiongeza mmoja, hupati namba ile ile iliyonenepa kidogo. Unapata namba nyingine kabisa, yenye undani mwingine.

Hapo nikakumbuka kitu nilichokisoma darasani nikakipita haraka. Aristotle, katika Metafizikia, anasema kwamba namba ikiongezwa au ikipunguzwa hata kidogo sana, haibaki namba ile. Na akafananisha hilo na asili ya vitu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichukua wazo hilo na kulitumia mara kadhaa. Nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani. Sikujua lilikuwa linamhusu bibi yangu pale mkekani.

"Wote hao, na bado hawajatimia." Bibi hakumaliza darasa la saba, na alikuwa sahihi kihisabati. Kumi na tisa bila babu si ishirini iliyopungua kidogo. Ni nyumba nyingine.

5. Mungu na sensa

Biblia ina sensa nyingi. Katika Hesabu 1:46, wanaume wa Israeli wa kwenda vitani ni 603,550. Katika 2 Samweli 24, Daudi anaamuru watu wahesabiwe, Yoabu anamwonya, mfalme hasikii. Yoabu anarudi na namba: 800,000 kwa Israeli, 500,000 kwa Yuda. Na mara moyo wa Daudi unamchoma. Tena ukifungua 1 Mambo ya Nyakati 21 unakuta namba tofauti kwa sensa ile ile. Hata mfalme na jeshi lake lote hawakupata namba moja ya uhakika.

Kosa la Daudi halikuwa kujua hesabu. Serikali inahesabu watu ili ijenge shule, zahanati na barabara, na ni jambo jema, nendeni mkahesabiwe. Daudi alihesabu ili ajione mkubwa. Watu walikuwa wake, namba ilikuwa fahari yake, na mtu mmoja mmoja hakuwepo machoni pake. Linganisha na Kutoka 30:11-16: kila anayehesabiwa anatoa nusu shekeli, tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Katika hesabu ya Mungu kila moja ina uzito ule ule.

Halafu fungua Luka 2. Kaisari Augusto anataka namba. Yosefu anakwenda Bethlehemu kuandikishwa pamoja na Maria mjamzito, na huko huko Mwana wa Mungu anazaliwa. Tafakari hilo polepole. Mungu alikuja duniani wakati wa kuhesabiwa, akajiweka katikati ya watu wanaoandikwa kwenye vitabu vya mfalme. Kwa Kaisari ilikuwa ni kichwa kimoja zaidi. Mmoja akaongezeka, na ubinadamu mzima ukawa kitu kingine kuliko ulivyokuwa jana yake.

Ndiyo maana mchungaji wa Luka 15 haonekani kichaa tena. Sisi tunasema: ana 99, amepata hasara ya asilimia moja, avumilie. Yeye anajua kwamba 99 si mia iliyopungua. Ni kundi jingine. Anakwenda porini.

6. Tahadhari kidogo

Namba zinavutia, na mtandaoni kuna watu wanafanya biashara na mvuto huo. Wanakwambia ukiona 11:11 kwenye simu ni ujumbe, ukiona 444 malaika wako anakuita, tuma pesa upewe namba yako ya bahati. Wengine wanabeti kwa tarehe ya kuzaliwa. Mimi nimewaonyesha kwamba namba yetu ya sensa ina 641 ndani. Naongeza jingine: tarakimu zake nne za mwanzo ni 6174, namba iliyopata umaarufu kwa sababu ya mwalimu wa shule wa India, D. R. Kaprekar. Panga tarakimu zake kutoka kubwa kwenda ndogo, 7641, toa mpangilio wa kinyume, 1467, unarudi pale pale: 6174. Inapendeza, lakini haitabiri chochote kuhusu Tanzania wala kuhusu wewe.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inakataa kila aina ya uaguzi. Kitabu cha Hekima 11:20 kinatufundisha kwamba Mungu alipanga vitu vyote kwa kipimo, idadi na uzito. Kwa hiyo uzuri wa namba unatufanya tumshukuru aliyezipanga. Kuzifanya ziwe mganga ni kumrudisha Daudi na sensa yake: kutaka kushika kisichokuwa chetu.

7. Kesho yake asubuhi

Sasa rudi kwenye ile tarehe. Matokeo ya sensa yalitangazwa 31 Oktoba. Kesho yake ni tarehe 1 Novemba, Sherehe ya Watakatifu Wote. Niliingia kanisani na macho mekundu, karatasi ya hesabu iko mfukoni. Somo la kwanza siku hiyo huwa ni Ufunuo sura ya 7. Nimelisikia tangu utoto. Siku ile nililisikia kwa mara ya kwanza.

Yohana anasikia idadi ya waliotiwa muhuri: 144,000. Ni namba nzuri, 12 mara 12 mara elfu, imepangwa kabila kwa kabila, kumi na mbili elfu kila moja, hakuna baki. Kisha anatazama. Na anachokiona ni umati mkubwa ambao hakuna mtu awezaye kuuhesabu.

Nikakaa. Namba inasikika kwanza, halafu inapita uwezo wa anayehesabu. Kwenye kishikwambi cha yule dada kulikuwa na mstari wa mwisho, usiku wa manane, na babu alikuwa upande wa pili wa mstari. Hakukosea yule dada. Kila sensa ya binadamu lazima iwe na mstari. Sensa ya Mungu haina usiku wa manane. Yesu aliwaambia Masadukayo kwamba Mungu wa Abrahamu, Isaka na Yakobo ni Mungu wa walio hai, kwa kuwa kwake wote wanaishi (Luka 20:37-38). Zaburi 147:4 inasema anaihesabu idadi ya nyota na kuzipa zote majina. Anahesabu na kutaja jina kwa pamoja, mambo mawili ambayo sisi hatuwezi kuyafanya hata kwa miaka miwili bila kulala.

Tarehe 2, Marehemu Wote, nilimtaja babu kwa jina kwenye Misa. Kisha nikampigia bibi simu. Nikamwambia, "Bibi, ulikuwa sahihi. Alilala hapo." Akacheka kidogo, akasema, "Nilijua. Wewe ndiye ulikuwa hujui."

8. Inatuhusu nini?

Kwanza, kwenye jumuiya na vikundi vyetu. Tukitoka kwenye semina ya vijana tunaulizana, "Tulikuwa wangapi?" Ongeza swali la pili: "Nani hakuwepo?" Kisha mpigie simu. Usitume ujumbe kwenye kundi la wote, piga.

Pili, kwa wewe unayehesabu wafuasi na "likes". Elfu moja wasiokujua ni namba. Mmoja anayekutafuta usipoonekana ni ndugu.

Tatu, na hili naliandika polepole. Inawezekana unasoma hapa na moyoni umeshajiambia kwamba usipokuwepo hakuna kitakachobadilika, kwamba wewe ni punje kwenye gunia. Nimekuonyesha kwa kalamu kwamba si kweli. Wewe ukitoka, kila kitu kinagawanyika vingine. Tafadhali, leo hii, kabla hujalala, mwambie mtu mmoja: mzazi, padre, rafiki, daktari. Usibaki na hesabu hiyo peke yako, maana umeikosea.

Nne, kuhusu marehemu wetu. Andika majina yao kwenye karatasi, hata yule mtoto wa familia ambaye hakuwahi kupewa jina kwa watu. Mwombee kila mmoja peke yake.

Maswali ya kutafakari

1. Katika familia yangu au jumuiya yangu, ni nani ambaye tumezoea kutomhesabu?
2. Nimewahi kuhesabu watu kama Daudi, kwa ajili ya fahari yangu?
3. Mimi ni taruma lililo njiani au lililo stoo?
4. Kwa wanaopenda kalamu: chukua mwaka wako wa kuzaliwa na mwaka unaofuata, tafuta vigawo tasa vya kila mmoja. Je, kuna kigawo wanachoshirikiana?

Tusali

Ee Mungu Baba yetu, unayezijua nyota kwa majina, tunakushukuru kwa kuwa hukutuumba kama umati, umetuumba mmoja mmoja. Utusamehe pale tulipowahesabu wenzetu kwa ajili ya faida yetu, na pale tulipowasahau. Uwapokee marehemu wetu ambao vitabu vya dunia vimewaacha nje ya mstari. Utufundishe kumtafuta mmoja anayekosekana, mpaka nyumba yako itimie. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri, mtoto wa Munisagara